Kabla Hujawatumia Akina Mama Wenzako



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya yale yanayoingia katika simu zetu jioni, watoto wakiwa wamelala na vyombo vimekwisha oshwa. Mama anakaa, ananyoosha miguu, anafungua WhatsApp. Humo atakuta kwaya ya usharika wa jirani, mapishi ya maandazi yasiyonywa mafuta, mitindo ya vitenge, taarifa ya msiba, na picha ya mtoto wa shangazi aliyehitimu chuo. Mimi si miongoni mwa wale wanaosema simu ni mlango wa shetani. Imewakutanisha ndugu waliopoteana, na kwa mama aliye mbali na kwao ni faraja kubwa.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2020, na wimbo wa Jerusalema. Aliyeutengeneza ni kijana wa Afrika Kusini, Master KG, na sauti ile tamu ni ya Nomcebo Zikode. Wimbo ulitoka mwishoni mwa mwaka 2019. Kisha kikundi cha wachezaji wa Angola kikajipiga picha ya video kikiucheza huku sahani za chakula zikiwa mikononi, na dunia nzima ikaiga. Wakacheza watawa na mapadre, polisi, wahudumu wa ndege, hata wauguzi wakiwa na sare zao, wakati ambapo hospitali zilikuwa na huzuni nyingi. Mwezi Septemba mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa mwenyewe aliwahimiza wananchi wake waucheze katika Siku ya Urithi. Na maneno yake ni maombi ya mtu anayemwomba Mungu amlinde, aende naye. Nani angesema wimbo wa Kizulu ungechezwa hivyo Ulaya? Ulipita mkono kwa mkono, rafiki akimtumia rafiki.

Lakini njia hiyohiyo hupitisha na mengine. Ujumbe ukitoka kwa dada yako, au kwa mama mchungaji, huusomi kama unavyosoma tangazo lililobandikwa ukutani. Unausoma kwa sauti ya yule unayempenda. Hapo ndipo penye hatari, hasa ujumbe ukiwa unahusu afya.

Chukueni mfano wa ule unaosema mtoto akiungua apakwe ute wa yai. Umezunguka kwa miaka mingi, nao hurudi kila mara kama mgeni asiyejua njia ya kwao. Umeandikwa vizuri, unaeleza kwamba ute una lishe ya kujenga ngozi, na mwishoni unakuomba uwatumie wote unaowapenda. Ukweli ni kwamba yai bichi laweza kuwa na vijidudu, na kidonda cha moto ni mlango ulio wazi. Tena ute ukikauka hushikana na ngozi, na muuguzi hana budi kuuondoa ili aone kidonda kina ukubwa gani. Nimewahi kupokea watoto waliopakwa dawa ya meno, unga wa ngano, hata mafuta ya taa. Mama zao walikuwa wakihangaika kuokoa, wala hawakuwa wazembe. Hata hivyo mtoto hulia mara mbili, mara ya kwanza kwa uji uliommwagikia, mara ya pili tunapomsafisha yale aliyopakwa.

Basi, kwa kuwa katika nyumba zetu jiko la mkaa na sufuria ya chai viko karibu sana na mikono ya watoto, niruhusuni niseme linalofaa. Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto au maji ya moto, mvue nguo na bangili, isipokuwa kile kilichogandamana na ngozi. Mimina maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Ndiyo, dakika 20 kamili kwa saa, maana mtoto akipiga kelele dakika mbili huonekana nusu saa. Hata kama saa moja au mbili zimekwisha pita tangu aungue, maji bado yanasaidia. Pasipo na bomba, mimina kwa kata au jagi. Na maji yakiwa haba, tumia kitambaa safi kilicholowa na ukibadili mara kwa mara. Sehemu nyingine za mwili zifunike, mtoto asishikwe na baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, usitumbue malengelenge, nenda hospitali. Ikiwa ameungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, usingoje asubuhi. Mayai wapikieni wapone haraka.

Upo na ujumbe mwingine, wa mtu anayepatwa na mshtuko wa moyo akiwa peke yake, kwamba akohoe kwa nguvu mfululizo ajiokoe. Huo ni mzee kuliko WhatsApp, kwa maana ulianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999. Ulitaja hospitali moja ya Marekani kuwa ndiyo iliyoutoa, nayo hospitali ikakana. Chama cha Moyo cha Marekani hakikubaliani nao kama njia ya mtu kujitibu. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa anapoteza dakika akikohoa, badala ya kumwita jirani ampeleke hospitali.

Kama kuna anayedhani haya ni madogo, akumbuke Iran mwaka 2020. Ulienea uvumi kwamba pombe kali huua virusi vya korona mwilini. Watu wakanywa methanoli, ambayo ni sumu, na mamia wakafa. Wako waliofumbuliwa macho na ugonjwa huo, na wako waliopofuka kabisa, maana methanoli huharibu mishipa ya macho.

Wenye WhatsApp wenyewe waliona tatizo. Tangu mwaka 2018 ujumbe uliopitishwa huja na alama ya mshale juu yake, na baadaye ule uliopita mikono mingi ukaanza kuja na mishale miwili. Mwaka 2020 waliweka kizuizi, ule wa mishale miwili usiweze kutumwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja, nao wakasema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kwa hiyo mama, angalia mishale. Haikuambii kuwa ni uongo, lakini inakuambia kwamba aliyekutumia siye aliyeandika, na pengine hamjui aliyeandika.

Sasa swali gumu. Aliyetuma ni mama mkwe, au mzee wa kanisa, na kundi lina wanawake 80. Utamjibu nini? Sipendi ile tabia ya kumwandikia mtu mzima "uongo huo" mbele ya wote. Mfuate pembeni, umwandikie au umpigie: "Shikamoo mama, ahsante kwa kutujali. Ile ya yai naomba tuwaambie wenzetu watumie maji, maana yai huleta vijidudu." Mara nyingi atausahihisha mwenyewe, tena kwa furaha. Na asipousahihisha, andika katika kundi habari za maji bila kumtaja mtu. Kunyamaza kabisa haifai, kwa kuwa katika wale 80 huenda yumo mmoja ambaye usiku huohuo uji utammwagikia mtoto wake.

Katika kikundi chetu tumekubaliana jambo moja. Anayeleta ujumbe wa dawa au ugonjwa aongeze maneno yake mwenyewe, aseme amemwuliza nani: daktari, muuguzi au mfamasia. Kama hajamwuliza mtu, basi aulize kwanza. Mapishi na mitindo ya vitenge havihusiki. Hivyo tumeni hata usiku wa manane.