Spana ya Aliyebaki Nyumbani

ZANA NA MAISHA
Na Mutheu Kioko

Katika maeneo makavu ya Makueni na Kitui, ambako nyumba nyingi hujitafutia maji, hujilimia chakula na hujitengenezea vyombo vyake vinapoharibika, si kawaida watu kujiuliza ni zana gani inunuliwe baada ya jembe, panga na nyundo, na wanapojiuliza, jibu huachiwa fundi. Safu hii inashikilia kwamba jibu ni spana ya kurekebisha, yaani spana ambayo taya lake moja limefungwa kwenye mpini na la pili husogezwa kwa skrubu ndogo ya kuzungushwa kwa kidole gumba, nayo ndiyo ambayo mafundi, kwa kuwa haichagui nati, wameipachika jina lisilo la heshima la spana malaya. Inashikilia pia kwamba zana hiyo haifai kuwa mali ya fundi peke yake, wala ya mwenye boma aliyeko kazini Nairobi au Mombasa, bali ya yule anayeamka katika boma hilo kila siku, ambaye mara nyingi ni mwanamke au mzee.

Nyumba ya kawaida katika vijiji vinavyolizunguka soko la Mbumbuni, upande wa Mbooni Mashariki, inaeleza vyema kwa nini zana hii inahitajika. Ndani ya boma moja unaweza kukuta plau ya maksai iliyorithiwa kwa babu, mkokoteni wa punda uliochomelewa na fundi wa jua kali kwa ekseli ya gari kuukuu, baiskeli, pikipiki iliyotoka India, jenereta iliyotoka China, tangi la maji la plastiki lenye koki ya nusu inchi, na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kila kimoja kati ya vyombo hivyo kilizaliwa katika mfumo wake wa vipimo. Mabomba ya maji bado huitwa kwa inchi hata katika maduka ambayo kila kitu kingine huuzwa kwa mita, pikipiki na jenereta hufungwa kwa nati za milimita, na zana kongwe za Kiingereza zilifuata kipimo cha Whitworth, yaani utaratibu wa nyuzi za skrubu uliopendekezwa na mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1841 ili viwanda vya Uingereza viache kutengeneza bolti kila kimoja kwa namna yake. Utaratibu huo uliziokoa karakana za Uingereza lakini umewaachia wajukuu wa wanunuzi wa plau kitendawili kidogo, kwa sababu namba iliyochapwa kwenye spana ya Whitworth ni kipenyo cha bolti wala si upana wa nati: spana iliyoandikwa 3/8 hufunguka kwa takriban milimita 18, na mwenye seti ndogo inayoruka kutoka 17 hadi 19 atakuta kwamba ya kwanza haiingii na ya pili inateleza.

Hapo ndipo taya linalosogea linapolipa gharama yake. Spana za aina hii zilikwisha kuundwa Uingereza katika miaka ya 1840, lakini umbo linalouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi linahusishwa zaidi na Johan Petter Johansson, fundi wa Enköping nchini Sweden, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya spana ya mabomba mwaka 1888 na ya spana ya kurekebisha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na kubeba rundo la spana kila alipokwenda kumtengenezea mkulima mashine, na iwe ni kweli tupu au imetiwa chumvi, tatizo lenyewe ni lile lile la fundi anayepanda kilima cha Mbooni na mfuko wa chuma begani.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii ni urefu wa mpini, ingawa humo ndimo nguvu yote ya zana hii ilimo. Nguvu ya kuzungusha, ambayo wahandisi huipima kwa nyutoni-mita, hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya mkono na umbali kutoka kwenye nati hadi mkono unaposhika. Spana ya inchi 10 ina urefu wa karibu sentimita 25, na mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa takriban kilo 20. Mtu anayeuvuta mpini huo karibu na ncha yake kwa nguvu ya kuinulia mtungi mmoja huzalisha nyutoni-mita zinazokaribia 50, kiasi kinachotosha kukaza bolti imara ya milimita 10 jinsi inavyotakiwa. Kwa hiyo dhana kwamba kufungua nati ni kazi ya misuli ya mwanamume haina msingi katika eneo ambalo wanawake huinua mtungi huo mara kadhaa kwa siku. Hesabu hiyo hiyo inaonya pia. Bolti ya milimita 6 hutaka nyutoni-mita kama 10 tu, na kwa mpini wa inchi 10 hata mkono usio na haraka unaweza kuikata bila kukusudia, na anayechomeka kipande cha bomba la mita moja kwenye mpini ili kuongeza nguvu huizidisha mara nne, kisha hushangaa taya linapopasuka.

Manufaa ya spana hii yanaonekana wazi zaidi kwenye plau. Katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu Machakos ya zamani, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza jinsi plau ya maksai ilivyoenea Ukambani na jinsi fedha za mishahara ya waliokwenda kufanya kazi mbali zilivyorudi mashambani kununua zana. Kitu kinachochakaa upesi katika plau ni kisu chake, yaani bamba la chuma linalokata udongo, ambalo hushikwa kwa bolti zenye vichwa vilivyozamishwa ili udongo upite juu bila kizuizi, na zenye shingo ya mraba inayozuia bolti isizunguke pamoja na nati. Nati zenyewe huwa upande wa nyuma, zimefunikwa na udongo mwekundu uliokauka na kutu ya msimu uliopita, na katika plau kongwe baadhi yake zina kona nne badala ya sita, umbo ambalo spana ya duara yenye kona sita haiwezi kulishika. Mwenye spana ya kurekebisha hukwangua udongo kwa kipande cha waya, hudondoshea mafuta machafu ya injini na kuyaacha yapenye usiku kucha, hubana taya mpaka nati isicheze, kisha huvuta polepole kuelekea upande wake.

Kuchelewa ndiko kunakoifanya kazi hii ndogo kuwa suala la chakula. Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo wakulima wa Ukambani wanayoitegemea zaidi kuliko ile ya masika, na haiwasubiri waliochelewa. Hata mahindi ya Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 na kituo cha utafiti karibu na Machakos ili yakomae mapema, hupoteza mazao kwa kila siku ya unyevu inayopita kabla ya kupandwa. Boma ambalo kisu cha plau kimelegea asubuhi ya mvua ya kwanza, na ambalo halina cha kukikazia, humpeleka mtoto sokoni kumtafuta fundi ambaye siku hiyo anatafutwa na kila mtu.

Kazi za ndani ya nyumba hazina uzito huo, lakini ndizo huja mara kwa mara. Mfereji unaovuja kwenye tangi mara nyingi huhitaji tu mpira mpya wa kuzibia, yaani washa, na kuubadilisha ni kufunga koki ya juu, kuzungushia kitambaa nati inayong'aa ili taya lisiikwaruze, kuifungua, kutoa mpira uliolika na kurudisha mwingine. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi haihitaji kuhubiriwa kuhusu hasara ya tone.

Mafundi wa gereji huidharau spana hii na kuiona alama ya fundi mvivu, na katika gereji wana haki. Taya linalosogea halikosi ulegevu kidogo, ulegevu huo hula kona za nati, na nati ikishaliwa kona hugeuka mviringo na kuhitaji patasi. Sehemu kubwa ya madhara hayo, hata hivyo, hutokana na kuishika spana kinyume. Taya lililofungwa ni kipande kimoja na mpini, kwa hiyo ndilo linalopaswa kubeba mzigo mkubwa, na hilo huwezekana pale tu spana inapozungushwa kuelekea upande wa taya linalosogea. Anayeacha kukaza na kuanza kufungua hulazimika kuigeuza na spana yenyewe. Kanuni hii huchukua dakika moja kufundishwa, na inashangaza kuona jinsi isivyotajwa dukani.

Zipo kazi ambazo zana hii haifai hata ikishikwa vizuri, na ni uungwana kuzitaja. Bomba la chuma ni mviringo, mataya laini yanayolingana huteleza juu yake, na Johansson mwenyewe aliliundia zana nyingine yenye meno ambayo huuma zaidi kadiri inavyovutwa. Nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma la pikipiki inayobeba abiria inastahili spana ya kipimo chake kamili, kwa sababu inapolegea barabarani anayeumia si mwenye spana peke yake. Visu vya mashine ya kukatia majani vinahitaji uangalifu zaidi ya hapo: hufungwa kwenye gurudumu zito linalozunguka kwa kasi karibu na mkono unaolisha majani, na nati iliyokazwa nusu nusu na taya linalocheza ni hatari ambayo hakuna akiba ya fedha inayoihalalisha. Kwa kazi hizo seti ndogo ya spana za milimita inunuliwe baadaye, pesa zikipatikana.

Kuna njia nyingine kabisa ya kulitatua tatizo la vipimo, nayo ni kuiunda mashine iifuate spana badala ya spana kuifuata mashine. Mfano ulio karibu ni Afridev, bomba la mkono la kuvutia maji ya kisima lililoendelezwa katika miaka ya 1980 kupitia mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, ambalo sehemu ya majaribio yake ilifanyika Kwale, Pwani ya Kenya. Waliolibuni walikusudia kwamba wanakijiji waweze kulitengeneza wenyewe, hivyo nati zake zote hufunguliwa kwa spana moja, na pistoni huvutwa nje bila kung'oa mabomba yaliyo kisimani. Huko Kwale shirika la KWAHO liliwafundisha wanawake kuyatunza mabomba hayo, na somo hilo halijapitwa na wakati. Watengenezaji wa plau na mikokoteni wangeweza kuiga mfano huo bila gharama kubwa, kwani hakuna sababu ya kiufundi inayomlazimu mchomeleaji kutumia nati za saizi nne katika mkokoteni mmoja.

Ukambani una mahali pengi pa kuutumia ujuzi huo wa kutunza mabomba. Mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazojengwa kukatiza mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji, yamejengwa kwa wingi na mwethya, vikundi vya kazi za pamoja ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, na kando ya mengi ya mabwawa hayo kuna kisima kifupi chenye bomba la mkono. Kikundi cha Utooni, kilichoanzia Kola mwaka 1978, kinajulikana sana kwa kazi hiyo. Wanawake waliobeba mawe ya ukuta hawastahili kuwasubiri mafundi kwa wiki kadhaa kwa sababu ya nati moja ya bomba, na bado katika kamati nyingi za maji mwanamke hupewa daftari la hesabu na spana hupewa mwanamume.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeweka huduma za maji na vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo Makueni na Kitui hazihitaji ruhusa ya Nairobi kuviunganisha viwili hivyo. Mafunzo ya siku moja katika chuo cha ufundi yangetosha kwa wanakamati wawili wa kila kisima: asubuhi upande wa kuvutia spana na kiasi cha nguvu kwa kila saizi ya bolti, mchana kufungua bomba la Afridev na kulifunga tena. Kila kamati ingerudi na spana yake ya Afridev pamoja na ya kurekebisha ya inchi 10, ambayo hufunguka kwa takriban milimita 30, iliyochaguliwa kwa kulitikisa taya kwa vidole kabla ya kulipa, kwa kuwa lile linalocheza likiwa jipya dukani litazidi kucheza, na iliyoandikwa kwenye daftari la kikundi kwa jina la mwanachama asiyesafiri.