Mapenzi ya Bahari Yaanzie Tudor na Makupa

Nenda Mama Ngina jioni yoyote. Utakuta familia zimejaa kandokando ya bahari, mihogo na madafu mkononi, zikitazama meli zikiingia Kilindini. Huku Mji wa Kale vijana wanajitosa majini karibu na Ngome ya Yesu, na wachuuzi wanangoja changu na tafi wa leo. Wapenzi wa bahari kisiwani hawajapungua. Ila mapenzi hayo tumeyaelekeza upande mmoja tu.

Tukizungumzia kulinda viumbe wa bahari, fikra zetu huenda Nyali na Bamburi. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 na kusimamiwa na shirika la KWS. Kasa na nguva nao wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Ni hatua nzuri. Lakini samaki wengi wanaovuliwa kwenye miamba hukulia kwanza kwenye mikoko, na mikoko yetu iko nyuma ya kisiwa: Tudor, Makupa na Port Reitz.

Upande huo ndio tuliougeuza ua wa kutupia taka. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa na kuua mikoko. Kwa miaka mingi jaa la Kibarani lilikuwa ukingoni mwa maji hayohayo, na tuta la barabara lilizuia maji kupita. Hadi leo sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya majitaka, na uchafu mwingi huishia baharini. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hata hivyo, mambo yanaweza kubadilika. Mifuko ya plastiki, ambayo kasa huimeza akidhani ni konyeza, ilipigwa marufuku mwaka 2017. Jaa la Kibarani lilifungwa na miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa mahali pa lile tuta, na maji yakapata tena njia.

Hayo yote yalitokana na amri na miradi ya serikali. Kilichosalia kinamhitaji pia mwenye nyumba na mvuvi. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua mwaka 2005 kufunga sehemu ya bahari yao, na samaki wakarudi. Walikubali kukosa leo ili watoto wao wapate kesho, kwa sababu uamuzi ulikuwa wao. Wavuvi wa Tudor na Mji wa Kale wakiitwa mkutanoni baada ya mambo kuamuliwa, wasilaumiwe wakikataa.

Kwa hivyo kaunti ipimwe kwa bajeti ya majitaka kabla ya kupongezwa kwa kupamba fuo. Vikundi vya wavuvi vipewe sauti juu ya mikoko ya Tudor. Na sisi wakaazi tuache kuutupa mfuko wa taka kwenye mtaro mvua inaponyesha, kwa kuwa tunajua fika mtaro huo unamwaga wapi.

Samaki tunayemnunua Bandari ya Kale huenda alikulia kwenye maji hayo.