Kuhama Nyumbani si Kuhama Wajibu

Ndugu Waislamu, msimu wa korosho unapomalizika, vijana wa Masasi na Newala hufunga mizigo wakaelekea Mtwara au Dar es Salaam kuanza maisha. Kutafuta riziki ya halali ni jambo jema. Lakini nani atakayeipulizia mikorosho salfa? Nani atakayemtekea mama maji huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa adha ya miaka mingi?

Surat Al-Israa, aya ya 23, inaamrisha kumuabudu Allah peke yake, kisha wema kwa wazazi, ikataja hasa uzee wao. Umbali hauiondoi amri hiyo. Basi kijana asiondoke kabla ya kukaa na ndugu zake wakagawana kazi hizo. Nao wazazi wasimzuie kwa hofu tu; wampe ruhusa na dua.