Jino likitoka, usiishie kusema maumivu yamekwisha

Jino la nyuma likishang'olewa, wengi wetu hujifariji kwamba maumivu yamekwisha na pengo halionekani. Lakini hasara ya pengo huanza siku hiyo hiyo.

Mwenye mapengo huanza kuchagua chakula bila kujitambua. Huacha nyama, karanga, mahindi ya kuchoma na matunda magumu, akabaki na uji na mkate wa kuchovya kwenye chai. Aliyepoteza meno ya mbele hutatizika kutamka f na s, hucheka akiziba mdomo kwa kiganja, na wakati mwingine hukwepa kuzungumza mbele za watu. Mambo haya hayaui, ila yanampunguzia mtu raha ya maisha.

Pengo nalo huleta mabadiliko kinywani. Meno ya jirani huinama kulielekea, jino la upande wa pili huweza kurefuka kwa kukosa mwenzake, na mfupa wa taya hupungua. Ndiyo maana kuweka jino la bandia baada ya miaka mingi huwa kugumu zaidi.

Tatizo ni mazoea ya kwenda kwa daktari maumivu yakiwa hayavumiliki na kusema, "Ng'oa tu." Kabla ya hapo uliza, "Daktari, jino hili linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi?" Ni kweli kwamba kutibu mzizi ni ghali kuliko kung'oa, na si kila kituo kina huduma hiyo. Kuwahi jino likiwa na tundu dogo ndiyo nafuu ya kweli. Ikilazimu kung'oa, uliza pia kama pengo litahitaji kuzibwa, kwa njia gani na lini. Si kila pengo huhitaji jino la bandia, lakini amua ukiwa umeelezwa.

Wazazi, gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kutoka. Wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze wakisubiri jingine. Jingine haliji. Msimamie mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na usiku asilale kabla hajapiga. Pengo la ukubwani linaweza kuzuiwa tangu umri huo.