Acheni Kuwauzia Watu Tabasamu

Leo neno langu ni kwa watumishi wenzangu, na kwa wale wahamasishaji wanaokodi ukumbi wa hoteli, wanalipisha kiingilio, kisha wanawaambia watu, "Fikiria mazuri, mazuri yatakuja." Eti hiyo ndiyo saikolojia chanya. Si kweli, na inaumiza watu wetu.

Inamuumiza ndugu aliyepigwa kalamu akiwa na miaka 42, karo haijalipwa, mwenye nyumba anabisha mlango. Anakuja kwako, unamwambia atabasamu, akiri ushindi, asitamke neno la kushindwa. Anarudi nyumbani na mizigo miwili: hana kazi, na sasa anaamini hana kazi kwa sababu hakufikiria vizuri! Huo ni ukatili, mtumishi.

Hata hiyo elimu mnayoitaja haikuanza na tabasamu. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier kule Marekani waliandika kuhusu mbwa waliopigwa na stima wasiweze kuizuia kwa lolote. Baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo tu kungewaokoa, na wengi wakalala pale pale wakiumia. Ikasemwa kwamba kiumbe hujifunza kukata tamaa. Mwaka 1998 Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akawahimiza wenzake wachunguze pia kinachomfanya mtu aishi vizuri, wasichunguze magonjwa peke yake.

Halafu mwaka 2016 wazee hao wawili wakaandika tena. Uchunguzi wa ubongo ulikuwa umewaonyesha kwamba walikuwa wamesoma jambo kinyume. Kulegea ndivyo mwili unavyojibu wenyewe mateso yakizidi. Kinachofunzwa ni kule kujua kwamba, "Nikifanya hiki, kitu kinabadilika."

Hebu soma hapo mara ya pili, kisha umfikirie mwalimu aliyeacha chaki akaenda jua kali kujifunza kuchomelea vyuma. Anayemfundisha ni kijana wa umri wa wanafunzi wake. Macho yanamwasha usiku. Geti lake la kwanza linapinda, mteja anakataa kulipa. Mwezi wa tatu geti linafunga sawasawa, bawaba zimeshika, mteja analipa na kumleta jirani yake. Hapo ndipo ubongo wake umefunzwa kitu. Huyo anaielewa saikolojia chanya kuliko msemaji yeyote mwenye maikrofoni, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Angela Duckworth naye alikuwa kwenye kazi ya ushauri wa biashara. Akiwa na miaka 27 aliiacha, akaenda kufundisha hesabu darasa la saba katika shule za umma za New York. Ni mbele ya watoto hao alipoona kwamba wenye akili nyepesi si wao waliofanya vizuri kila wakati. Akarudi chuo, akasoma Pennsylvania anakofundisha Seligman, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha utafiti kuhusu ustahimilivu wa mtu kwa lengo la miaka mingi. Swali lake lilitoka darasani, kwenye kazi mpya iliyomtoa jasho.

Najua mtaniuliza, "Mchungaji, kwani unataka watu waache kazi?" La! Wengine wenu mnatoa unabii mtu aandike barua ya kujiuzulu kesho, hana akiba ya hata mwezi mmoja. Mwacheni ajifunze ufundi Jumamosi, mshahara ukiwa bado unaingia.

Na mliobaki, acheni kumtazama aliyekuwa meneja wa benki na sasa anauza mayai kana kwamba ana dhambi iliyofichika. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Nani alimwombea eti amerudi nyuma?

Kwa hivyo Jumapili hii mkitafuta mtu wa kutoa ushuhuda wa tumaini, mwiteni huyo fundi. Mpeni dakika kumi aeleze geti lililopinda, na msimkatize kwa "Amina!" kabla hajafika kwenye habari ya madeni.