Maumivu Baada ya Upasuaji Yasifichwe

Mama aliyepasuliwa tumbo kwa njia ya matundu madogo hurejea nyumbani akiwa na vijeraha vitatu au vinne tu. Majirani wakiviona hudhani kwamba hana maumivu, naye huona haya kulalamika. Kumbe vijeraha vidogo havina maana ya uchungu mdogo.

Upasuaji huu ulipata nguvu baada ya mwaka 1985, pale daktari Mjerumani Erich Mühe alipoondoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Gesi inayobaki huchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho na ya bega hutokea mahali pamoja shingoni. Ndiyo sababu mgonjwa huumwa bega lisiloguswa kabisa.

Anayevumilia kimya huogopa kukohoa, kuvuta pumzi ndefu na kutembea. Hapo mapafu hayapanuki vema, na damu yaweza kuganda miguuni. Kutuliza maumivu, basi, ni sehemu ya matibabu wala si kudekezwa.

Miongoni mwa dawa zinazotumika ni ketorolaki, ambayo si ya jamii ya afyuni. Hutolewa kwa sindano na kwa vidonge, na mwaka 2010 Marekani iliidhinisha ile ya kupuliziwa puani. Utando wa pua una vijishipa vingi vya damu, hivyo dawa huingia mwilini hata kama mgonjwa anatapika na hawezi kumeza kitu.

Mgonjwa hupenga kamasi polepole, huketi wima, huinamisha kichwa mbele kidogo, huzuia pumzi na kupuliza mara moja, kisha hupumua kwa mdomo. Asivute dawa kwa nguvu. Pua kuwasha na macho kutoa machozi ni jambo la kawaida.

Hata hivyo, kupita puani hakulifanyi tumbo kuwa salama. Dawa ikiisha kuingia katika damu, yaweza kuleta vidonda na kutoka damu tumboni, na kudhuru figo. Kwa hiyo ketorolaki isitumiwe zaidi ya siku 5, zikihesabiwa pamoja na siku za sindano na vidonge. Isichanganywe na aspirini wala ibuprofeni inayonunuliwa dukani. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au mimba kubwa, hapaswi kupewa. Mzee aliyepita miaka 65, au mtu mwenye uzito chini ya kilo 50, hupewa nusu ya kipimo.

Watu wa nyumbani nao wana wajibu wao. Mgonjwa apewe mto wa kukandamiza tumboni anapokohoa, na asaidiwe kutembea kidogo kidogo. Akipata homa, kinyesi cheusi, mkojo kupungua, au tumbo kuvimba na kuuma zaidi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa na amweleze daktari uchungu wake wote, pamoja na kila dawa aliyokwisha kuimeza.