Filamu Ikaguliwe kwa Mkono

Wanafunzi wa chama chetu cha picha waliniuliza kwa nini nisafiripo kwa ndege hubeba filamu mkononi kama mtu abebaye mayai. Nitawajibu hapa ili walimu wenzangu na wazazi wasikie pia, maana jambo hili lilinigharimu kitu nisichoweza kukipata tena.

Mwezi wa Desemba 2022 nilikwenda kijijini kwetu, kando ya Ziwa Victoria, kumwona babu yangu. Alikuwa mzee sana, lakini mikono yake ilikuwa haijachoka kazi. Nilimkuta chini ya mwembe akishona wavu. Nilimpiga picha siku nzima, nikamaliza mikanda mitatu ya filamu. Simu niliiacha mfukoni, kwani nilitaka picha zile nizisafishe mwenyewe katika chumba cha giza cha shule yetu, wanafunzi wakiona.

Siku ya kurudi, mkoba wangu ulipimwa ukawa kilo 9, na ruhusa ilikuwa kilo 7. Watu walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu, nikaona haya. Karani akaniambia nihamishie vitu vingine sandukuni, ila betri za akiba za kamera nibaki nazo, kwa kuwa betri za lithiamu zikishika moto kwenye chumba cha mizigo hakuna mtu karibu wa kuzizima. Alisema kweli. Juu ya filamu hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Nikauchukua mfuko wenye lenzi, nyaya na mikanda yangu, nikautia sandukuni. Na mkanda mmoja wa filamu haufikii uzito wa yai!

Niliposafisha, mikanda yote ilikuwa na mistari ya ukungu, imepita juu ya uso wa babu kama mawimbi. Miezi mitatu baadaye babu alifariki. Majuto ni mjukuu.

Sababu yake si uchawi. Filamu ina chembe za chumvi ya fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga, na mionzi ya eksirei ni ya jamaa moja na mwanga. Röntgen wa Ujerumani, alipoigundua mwaka 1895, aliitumia kupiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Basi filamu ambayo haijasafishwa hupokea kila mionzi inayopita, na madhara hujumlika safari kwa safari. Mashine za kukagua masanduku ni kali mno. Mashine za zamani za kukagua mikoba hudhuru zaidi filamu za kasi kubwa, kama 800 na kuendelea. Lakini viwanja vingi sasa vina mashine mpya za CT, ambazo huharibu hata filamu za kawaida. Kodak na Ilford, watengenezaji wa filamu, wanashauri isipitishwe humo. Kadi za kamera na simu hazidhuriki, wala filamu iliyokwisha kusafishwa.

Wako watakaosema, “Mwalimu, achana na filamu, dunia imekwenda mbele.” Nami nasema kwamba mwanafunzi aliyeona picha ikijitokeza polepole ndani ya dawa amejifunza kemia kwa macho yake. Wengine watasema askari wa ukaguzi hana nafasi ya kufungua vifuko. Ni kweli kwamba kazi yake ni kulinda roho za watu, na sitaki ailegeze. Lakini kuitazama mikanda mitano kwa mkono ni kazi ya dakika chache. Marekani abiria anaruhusiwa kuomba hivyo, na ruhusa hiyo imeandikwa wazi. Pengine hutegemea moyo wa askari aliye zamu. Kwa maoni yangu, kila kiwanja chafaa kiweke kibao kifupi penye mashine: mwenye filamu aseme mapema, nayo itakaguliwa kwa mkono. Gharama yake ni rangi na ubao.

Hata hivyo, kibao peke yake hakitoshi iwapo abiria ni bubu. Askari hawezi kujua usichomwambia. Basi, ninyi vijana mtakaosafiri, tieni filamu katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, fikeni mapema, na semeni kwa adabu kabla mkoba haujaingia mashineni. Mkiweza, isafisheni filamu kabla ya safari. Wala msione haya kwa sababu ya mstari wa watu nyuma yenu. Kuuliza si ujinga. Mimi niliona haya kwa dakika mbili, nikaupoteza uso wa babu yangu.

Mikanda ile mitatu ipo katika chumba cha giza, juu ya rafu. Anayetaka kuiona na aje.